Maji magumu, maji salama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maji ya bomba katika mji mdogo

Malalamiko mengi kuhusu maji ya bomba huanzia kwenye birika. Mtu anafunua kifuniko, anakuta ukoko mweupe, na tangu siku hiyo hayaamini tena maji ya bombani. Majibu haya yanaanza na birika hilo, kisha yanahamia kwenye mambo ambayo birika haliwezi kukuonyesha. Kwa maoni yangu, hayo ya pili ndiyo yanayostahili wasiwasi.

Maji "magumu" ni maji ya namna gani?

Ni maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, basi. Mvua inapoanguka ni laini kabisa. Ikipenya ardhini hukusanya kaboni dioksidi inayotoka kwenye mizizi na viumbe vya udongoni, ikawa asidi hafifu, na asidi hiyo ikikutana na mawe ya chokaa huyayeyusha kidogo kidogo. Ndiyo maana mji unaochota kwenye visima virefu vilivyochimbwa katika miamba ya chokaa huwa na maji magumu, na ule unaotegemea mto utokao kwenye milima ya graniti huwa na maji laini.

Watu huyachanganya na maji ya chumvi. Maji ya chumvi yana sodiamu na kloridi, na ulimi huyatambua mara moja. Maji yanaweza kuwa magumu sana bila kuwa na ladha yoyote ya chumvi. Mkanganyiko unatokana na sabuni, kwa kuwa haitoi povu vizuri kwenye yote mawili.

Nitajuaje kama maji yangu ni magumu bila kwenda maabara?

Tumia sabuni. Chukua chupa safi yenye kifuniko, tia maji hadi theluthi moja, kwangulia vipande vidogo vya sabuni ya kipande isiyo na mbwembwe, kisha tikisa kwa nguvu. Maji laini yatajaa povu na chini yatabaki angavu. Maji magumu yatatoa povu hafifu linalokufa upesi, na maji yenyewe yatageuka kuwa kama ya mchele uliooshwa. Huo weupe ni sabuni iliyoungana na kalsiamu ikawa kitu kisichoyeyuka, kile kile kinachoacha mstari wa kijivu kwenye beseni. Usitumie sabuni ya unga wala ya maji ya kuoshea vyombo, maana nyingi zimetengenezwa zifanye kazi hata kwenye maji magumu, na zitakudanganya.

Jaribio hili si la kienyeji kama linavyoonekana. Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen huko Uskoti, alipima ugumu wa maji kwa sabuni katika karne ya 19. Mwaka 1841 alipata hataza ya kulainisha maji kwa kuyaongezea chokaa. Ndiyo, unaongeza chokaa ili kuondoa chokaa: ile iliyoongezwa huungana na iliyoyeyuka, zote zikatuama chini. Mitambo mikubwa ya maji bado inatumia njia hiyo.

Ukitaka namba, zipo karatasi za kupimia unazochovya na kulinganisha rangi. Zinatosha kwa matumizi ya nyumbani. Maabara hudondoshea sampuli kemikali iitwayo EDTA mpaka rangi igeuke kutoka nyekundu ya mvinyo kuwa buluu, na huhesabu ni kiasi gani kimetumika.

Nimepewa namba. Nizisome vipi?

Angalia kwanza kipimo, kwa sababu 15 ya nchi moja si 15 ya nyingine. Kipimo kinachotumika zaidi ni miligramu kwa lita, zikihesabiwa kana kwamba ugumu wote ni kaboneti ya kalsiamu. Kwa mgawanyo unaotumiwa sana, 0 hadi 60 ni maji laini, 61 hadi 120 ni magumu kiasi, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Digrii moja ya Kijerumani ni sawa na miligramu 17.8 kwa lita, ya Kifaransa ni 10, na ya Clark, yule yule wa sabuni, ni kama 14.3. Wamarekani wana "greni kwa galoni", ambayo ni 17.1.

Wakati mwingine ripoti haitaji ugumu, inataja kalsiamu na magnesiamu tu. Zidisha kalsiamu kwa 2.5, zidisha magnesiamu kwa 4.1, ujumlishe. Kalsiamu 80 na magnesiamu 20 hutoa 282: maji magumu sana, au karibu digrii 16 za Kijerumani.

Mbona maji ya wiki hii si kama ya wiki iliyopita? Na kwa jirani ni tofauti na kwangu?

Kwa sababu mji mdogo hauna akiba kubwa ya vyanzo. Mji mkubwa huchanganya maji mengi mpaka tofauti zinamezwa. Mji mdogo unaweza kuwa na visima vitatu au vinne, kila kimoja na mwamba wake, na pampu moja ikizimwa kwa matengenezo mchanganyiko wote unabadilika. Mitaa ya karibu na kisima fulani hupata zaidi maji ya kisima hicho. Penye chanzo cha mto, msimu wa mvua hulainisha maji kwa kuyazimua, ila huleta tope. Kiangazi hufanya kinyume.

Kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa siku moja kwenye bomba moja ni habari za siku hiyo na bomba hilo. Ukitaka kununua mtambo wa gharama, pima mara kadhaa, katika misimu tofauti.

Maji magumu yana madhara mwilini?

Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji ya kunywa. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na maji magumu huongeza kidogo kwenye yale unayopata kwenye chakula. Tangu miaka ya 1950 zimefanywa tafiti nyingi kuona kama penye maji magumu kuna vifo vichache vya magonjwa ya moyo. Baadhi zilikuta hivyo, nyingine hazikukuta.

Swali la mawe ya figo haliishi. Ni rahisi kuwaza kwamba chokaa inayoganda kwenye birika itaganda na kwenye figo, lakini mwili haufanyi kazi kama birika. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu na oksalati, na kalsiamu inayoingia pamoja na chakula hukamatana na oksalati tumboni na kutoka nayo kabla haijafika kwenye figo. Kisababishi kinachojulikana vizuri ni kunywa maji machache. Anayeacha kunywa ya bomba kwa kuogopa chokaa, akaishia kunywa glasi mbili kwa siku, amejitafutia hasa kile alichokikimbia. Aliyekwisha kupata mawe afuate maelekezo ya daktari wake.

Kwenye ngozi kuna ukweli kiasi. Maji magumu huacha mabaki ya sabuni juu ya ngozi, na ngozi kavu huyahisi. Lakini jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2011, lililohusu watoto 336 wenye ukurutu wa kati hadi mkali, halikuona nafuu ya ziada kwa wale waliofungiwa mtambo wa kulainisha maji nyumbani. Jaribu kwanza kupunguza sabuni na kusuuza vizuri.

Ukoko wa birika nitautoaje?

Siki au asidi ya sitriki ya unga. Tia siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu, pasha moto kidogo, acha saa moja, mwaga, suuza. Vipovu utakavyoviona ni kaboni dioksidi ile ile iliyoingia kwenye maji chini ya ardhi, sasa inatoka. Kichwa cha bafu kilichoziba kifunge mfuko wenye siki usiku kucha. Kuukwangua kwa kisu ni kuharibu chombo, na nasema hivyo nikiwa nimeshatoboa kimoja.

Onyo moja tu, lakini zito: usichanganye siki wala asidi yoyote na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Ukimeza vipande vya ukoko kwa bahati mbaya, hutadhurika. Ni chokaa.

Na hita ya maji?

Hapa ndipo maji magumu yanapogharimu. Kaboneti ya kalsiamu ina tabia isiyo ya kawaida: sukari na chumvi huyeyuka zaidi maji yakiwa moto, lakini yenyewe huyeyuka kwa shida zaidi. Kwa hiyo huganda palipo na joto kali, yaani juu ya koili ya umeme. Ukoko ukishaivisha koili koti, joto halipenyi vizuri, koili inazidi kupata moto, na mwisho inakatika.

Wengine hushusha joto la hita ili ukoko upungue, na kweli hupungua. Lakini tangi lililokaa na maji ya uvuguvugu ni makao mazuri ya bakteria wa Legionella, wanaostawi kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi na husababisha nimonia mbaya mtu akivuta mvuke wenye matone yao. Afadhali tangi likae kwenye nyuzi 60 na ukoko uondolewe mara kwa mara.

Kuchemsha hulainisha maji?

Nusu. Kuna ugumu wa muda, unaotokana na bikaboneti, na huo huganda unapochemsha: ndio ukoko wenyewe. Kuna ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloridi, na huo hautikisiki hata uchemshe mchana kutwa. Kwa kufulia, magadi ya kufulia huondoa wote wawili.

Maji magumu pia huchelewesha maharage kuiva, kwa kuwa kalsiamu huimarisha ngozi na kuta zake. Kuyachemsha maji kwanza, yakatuama, husaidia kidogo.

Ninunue mtambo wa kulainisha?

Kama ugumu uko chini ya 120 hivi, sioni sababu. Ukivuka 200 na una hita kubwa au mashine ya kufulia, hesabu huanza kuleta maana.

Mtambo wa kawaida una chembe za resini zilizoshika sodiamu. Maji yakipita, resini huachia sodiamu na kushika kalsiamu na magnesiamu. Ikijaa, husafishwa kwa maji yenye chumvi nyingi na mzunguko unaanza upya. Maana yake maji laini yanayotoka yana sodiamu zaidi: karibu miligramu 0.46 kwa kila miligramu moja ya ugumu iliyoondolewa. Maji ya ugumu wa 300 yakilainishwa kabisa huongezewa takriban 138 kwa kila lita. Anayekunywa lita mbili anapata 276, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Si nyingi kwa mtu mwenye afya, lakini aliyezuiwa chumvi na mtoto anayenyonya chupa wapewe maji ambayo hayajapita kwenye mtambo. Ndiyo maana fundi mzuri huacha bomba moja la jikoni nje ya mtambo. Asipolitaja, mwulize.

Vifaa vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba haviondoi kalsiamu hata chembe. Pima ugumu kabla na baada, utapata namba ile ile. Wauzaji wake hudai kwamba hubadilisha namna chokaa inavyoganda, na ushahidi wa dai hilo haujawahi kutulia. Mimi nisingetoa pesa yangu.

Mtambo wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji yapite kwenye utando wenye matundu madogo mno, huondoa karibu kila kitu, pamoja na floraidi, nitrati na arseniki, ila hupoteza maji mengi na unahitaji kubadilishiwa utando. Chujio la mkaa huondoa harufu ya klorini na baadhi ya kemikali, lakini haligusi ugumu. Tena lisipobadilishwa kwa wakati, bakteria hufanya makazi humo.

Kifaa changu cha TDS kinaonyesha 400. Maji ni mabaya?

Kifaa hicho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha hukisia jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Hakijui ni vitu gani. Chini ya 600 maji huhesabiwa kuwa na ladha nzuri, na yakizidi 1,000 watu wengi huanza kuyakataa. Maji ya 400 yanaweza kuwa bora, na maji ya 50 yanaweza kuwa na vijidudu vya kukulaza, kwa sababu vijidudu havionekani kwenye kifaa hicho kabisa. Muuzaji wa machujio anayechovya kifaa kwenye maji yako na kutikisa kichwa kwa huzuni anafanya biashara.

Yananuka dawa. Wanazidisha?

Huenda wala. Wengi husikia klorini hata ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 5. Kinachotakiwa ni angalau 0.2 ibaki mpaka kwenye bomba la mwisho la mtandao. Hiyo iliyobaki ndiyo mlinzi pindi bomba likipasuka njiani na uchafu ukapenya. Maji yaliyokuwa na harufu ya dawa siku zote yakaacha ghafla kunuka yananitia shaka kuliko yanayonuka. Ukitaka harufu iondoke, yaache kwenye jagi wazi kwa saa chache.

Harufu ya yai bovu ni jambo jingine: ni haidrojeni salfaidi. Ikitoka kwenye bomba la moto pekee, tatizo liko ndani ya hita yako.

Rangi zinaniambia nini?

Meupe kama maziwa: jaza glasi uitazame. Yakianza kung'aa kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu. Mekundu au ya kahawia: kutu na chuma, mara nyingi baada ya maji kukatika na kurudi kwa kasi. Fungua bomba mpaka yatakate, na usifue nguo nyeupe saa hiyo. Meusi au yenye chembe nyeusi: huenda ni manganisi, au mpira wa koki umechakaa. Doa la buluu-kijani kwenye sinki: maji yanaila shaba ya mabomba yako, kwa kawaida kwa sababu yana asidi.

Kwa hiyo maji laini ndiyo bora?

Kwa sabuni na hita, ndiyo. Kwa mabomba, si lazima. Maji laini yenye asidi na upungufu wa alkali huyala metali, na kama kuna mabomba ya risasi au viungio vyake, risasi huingia kwenye maji bila rangi, ladha wala harufu. Kikomo chake ni mikrogramu 10 kwa lita, na kwa ubongo wa mtoto hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Kinachoamua hapa ni namna maji yanavyotiwa dawa ili yasiyale mabomba. Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulibadili chanzo chake Aprili 2014 na kuanza kutumia maji ya mto, bila kutiwa kemikali ya kuzuia kutu. Maji yakabandua tabaka lililokuwa likikinga mabomba, na risasi ikafika kwenye nyumba za watu. Mji ulirudi kwenye chanzo cha zamani Oktoba 2015.

Nyumbani, kama mabomba ni ya zamani, acha maji yaliyolala usiku yatiririke mpaka yapoe mkononi kabla ya kukinga ya kunywa. Na usipikie wala kunywa ya bomba la moto, kwa sababu joto huyeyusha metali zaidi.

Ni nini hasa cha kuogopa, basi?

Kinyesi kwenye maji. Kwa kipimo, ni bakteria wa E. coli, ambao hawatakiwi kuwepo hata mmoja katika mililita 100.

Mei 2000, mji wa Walkerton jimboni Ontario, Kanada, wenye wakazi wapatao 5,000, ulipigwa na mvua kubwa iliyosomba bakteria kutoka kwenye samadi hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Klorini haikutosha na haikuwa ikipimwa kila siku kama ilivyopaswa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 walikufa. Uchunguzi ulieleza kwamba vifaa vya kupima klorini na uchafu mfululizo kwenye kisima hicho vingeuzuia mlipuko ule.

Nautaja kwa sababu ni mji mdogo. Sampuli huchukuliwa chache na wafanyakazi ni wachache, kwa hiyo kosa la mtu mmoja linafika kwenye mabomba yote. Ukiambiwa chemsha, chemsha. Maji yatokote kwa dakika moja kamili, au tatu kama mji wako uko juu ya meta 2,000, kisha yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Hesabu pia maji ya mswaki na barafu.

Kuchemsha kunaondoa na sumu?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Nitrati, floraidi, arseniki na risasi hazipungui. Maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe hubaki, na kwa hiyo huzidi kidogo. Nitrati, inayotoka kwenye mbolea na vyoo vya shimo, ina kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Floraidi ikizidi 1.5 huanza kutia meno madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Arseniki haitakiwi kuzidi mikrogramu 10 kwa lita. Zote ni za kupimwa maabara.

Tangi langu la juu linahusikaje?

Sana. Maji yanaweza kutoka kwenye mtambo yakiwa safi, yakalala siku nne juani ndani ya tangi lisilo na kifuniko. Klorini imekwisha, mwani umeota, chini kuna tope. Funika, zuia mwanga, safisha angalau mara moja kwa mwaka, na ukitaka kujua kosa ni la nani, pima maji kabla ya tangi na baada yake.

Nikiomba ripoti ya maji ya mji, nianze kusoma wapi?

Anza na E. coli na klorini iliyobaki, na uangalie ni sampuli ngapi zilichukuliwa na wapi. Sampuli zote za mtamboni hazikuambii kitu kuhusu bomba la mwisho la mji. Kisha uchafu wa tope: kabla ya kutiwa dawa unafaa uwe chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji), kwa kuwa vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Kisha nitrati, floraidi, arseniki na risasi. Ugumu utaukuta mahali fulani karibu na mwisho wa jedwali, na hapo ndipo mahali pake.

Maji ya bomba yanafaa kwa pasi ya mvuke na betri ya gari?

Kwa betri, hapana: tumia maji yaliyokenekwa. Kwa pasi, soma maelekezo yake, maana nyingine zinataka mchanganyiko. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi usiyatumie kwenye mimea ya chungu. Ya mvua itayapenda zaidi.